Wivu Wangu na Meza ya Ilagala

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mimbari. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya theolojia, kola mpya ikinibana shingo, na mahubiri niliyoyaandaa safarini kwenye treni tangu Tabora. Mchungaji kiongozi wa usharika wa Gungu, mzee mrefu mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe, aliyapokea makaratasi yale kwa mikono miwili, akayakunja, akanirudishia.

"Mahubiri yatakuwepo tu," alisema. "Wewe simama mlangoni. Kazi yako ya kwanza ni kuwajua wasiokula."

Vijana wa leo mnaotaka kuingia katika utumishi huu, neno hilo huenda hamlijui, kwa hiyo nieleze. Wasiokula ni watu waliotengwa na Meza ya Bwana. Alitengwa binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, na wazazi wake wakati mwingine pamoja naye. Alitengwa mwanamume aliyeongeza mke, na huyo mke aliyeongezwa. Alitengwa aliyeonekana kwa mganga, hata kama alikwenda kudai kuku wake. Baraza la wazee wa kanisa lilisikiliza shauri na kutoa hukumu, na tangu siku hiyo mtu aliketi benchi la nyuma, na mkate na kikombe vilipoletwa, alitoka nje. Njia ya kurejea iliitwa kurudi kundini: unasimama mbele ya usharika, dhambi yako inasomwa, unatubu, unaacha ulichokuwa unafanya, unapewa mkono.

"Ukikosea mmoja akala isivyostahili," mzee aliniambia, "hukumu yake iko kichwani kwako. Paulo hakutania."

"Na nikikosea, anayestahili akatoka nje?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Huyo atavumilia."

Niliipenda kazi ile, msicheke. Mtu aliyeandika tasnifu ya nidhamu ya kanisa, iliyosomwa na msimamizi wangu na mimi, hatimaye alikuwa amepata mlango wa kuulinda. Kabla ya kipaimara kilichofuata niliwajua wasiokula wa Gungu kwa visogo vyao. Mchungaji kiongozi akaandika kwa Mkuu wa Jimbo kwamba kijana huyu ana msimamo. Mkuu wa Jimbo, ambaye alikuwa juu ya wachungaji wote wa pande zetu, akanipa usharika wangu mwenyewe: Ilagala, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa.

Ilagala huwezi kuendesha kanisa kwa kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti dagaa, na wavuvi hukaa nyumbani. Kwa hiyo mambo yote mazito yalingoja mbalamwezi: harusi, ubatizo, mashauri ya baraza, na Meza ya Bwana. Ndipo wanaume walipokuwepo, wamelala vya kutosha kusikia.

Na hapo niliikuta desturi ambayo hawakunifundisha chuoni. Wasiokula walipokuwa wakitoka, akina mama wanaokula waliwapa watoto wao wachanga wawashikie. Ilikuwa jambo la busara tu, maana huwezi kupiga magoti madhabahuni na mtoto anayerusha miguu. Lakini kila Meza ilipofanyika, nje chini ya ukuta kulikuwa na mstari wa wenye dhambi, kila mmoja na mtoto wa mtakatifu mikononi.

Aliyeongoza mstari huo ni Mama Feza. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo, yeye akiwa mdogo. Alibatizwa kwetu, akaimba kwaya yetu, kisha akaolewa mke wa pili na Ramadhani, mvuvi Mwislamu mwenye mke mwingine Ujiji. Baraza lilimwambia amwache arudi kundini. Hakumwacha. Wala hakuliacha kanisa. Alianika dagaa wake wiki nzima, na Jumapili alikuja amevaa kitenge kilichopigwa pasi, akaketi nyuma, akatoka ulipofika wakati wa kutoka. Nusu ya kijiji ilikuwa imemkojolea mapajani.

Mimi nilimheshimu kama mtu anavyoheshimu mfano mzuri katika kitabu chake. Nilimtolea mahubiri kadhaa, bila kumtaja jina.

Kisha wakaniletea msaidizi. Nehemia alikuwa mpiga gitaa wa bendi na muuza dagaa wa jumla soko la Mwanga, mjini. Aliokoka akiwa mtu mzima, akasoma kozi fupi ya uchungaji, akabarikiwa. Mimi nililima shamba hili la mizabibu tangu asubuhi. Yeye aliingia saa kumi na moja jioni, nguo zake zikinuka bado maisha yake ya zamani, na watu wakampenda kuliko mimi.

Sitazunguka. Nilimwonea wivu uliokuwa unaniamsha kabla ya jogoo. Nilimwonea wivu wa sauti, maana mimi nikiimba mbwa wa jirani hutoka kuangalia. Nilimwonea wivu wa salamu. Mimi nikipita, "Shikamoo, Mchungaji," na watu wanasogea pembeni. Yeye akipita, salamu ni ya kilugha, "Mwakeye, Nehemia! Njoo ule!" naye anaingia, anakula, anatoka amejua nyumba nzima ina shida gani. Niliangalia hata ukubwa wa samaki, migebuka, tulioletewa zawadi. Wake walikuwa na mayai.

"Kaka mkubwa," aliniita hivyo kila siku, "mbona leo umenuna?"

"Ninatafakari."

"Tafakari ukicheka, basi. Unatisha kuku."

Mbalamwezi moja, nikiwa nimeushika mkate, benchi la nyuma likainuka kama kawaida. Nehemia, aliyekuwa amesimama kulia kwangu na kikombe, akakiweka mezani taratibu, akavua joho, akatoka nao. Nilimwona dirishani. Amesimama katikati ya Mama Feza na binti mmoja, mikononi ana mtoto wa mwenyekiti wa baraza. Hakula siku ile. Hakuvunja kanuni yoyote pia, nami niliitafuta sana. Waumini walipiga magoti mbele yangu huku macho yote yako dirishani.

"Kwa nini umetoka?" nilimuuliza baadaye.

"Sikuwa na njaa ya kula peke yangu," alisema. Alisema hivyo tu, wala hakulikuza jambo.

Nilipanda boti kwenda mjini kumshtaki. Mkuu wa Jimbo alinisikiliza akichezea kalamu.

"Kwa hiyo alitoka nje mwenyewe?"

"Mbele ya usharika mzima, Baba Mkuu."

"Na watu walimtazama?"

"Wote!"

"Mtu wa namna hiyo anapotea bure Ilagala," alisema, na mwezi uliofuata akampeleka kuwa mchungaji kiongozi wa Mwanga. Usharika wa Mwanga una kinanda, una nyumba ya mchungaji yenye maji ndani, na mimi nilikuwa nimeuombea miaka mingi kwa kufunga. Mashtaka yangu ndiyo yaliyokuwa barua yake ya mapendekezo.

Baada ya hapo Mama Feza akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, hospitali wakampa dawa na kuwaambia ndugu ukweli. Asubuhi moja Mzee Bukuru, katibu wa baraza letu, alinikuta nanyoa ndevu.

"Mchungaji, Mama Feza ameomba Meza kabla hajafa."

"Amwache Ramadhani, nami nitakwenda," nilijibu. Ilikuwa ndiyo kanuni.

"Hakukuomba wewe. Amempigia Nehemia. Yuko njiani kutoka Mwanga, na sanduku lake."

Sanduku ni lile dogo la vyombo vya wagonjwa: kikombe kisichozidi kijiko kwa ujazo, kichupa cha divai, kibati cha mkate. Nilichukua langu, povu likiwa bado shavu moja, nikatoka. Nilijiambia nakwenda kuilinda kanuni katika usharika wangu. Ndivyo nilivyojiambia mpaka kwenye chanja za kuanikia dagaa. Hapo nikatambua kwamba kama nakwenda kuzuia tu, sikuwa na haja ya sanduku. Vijana, nimesoma maandiko kwa Kigiriki. Hakuna mstari hata mmoja uliowahi kunitembeza kwa kasi ile. Nisingeweza kuvumilia mama yule afe akiwa amelishwa na Nehemia.

Ramadhani alikuwa mlangoni. Alinipa kigoda. "Karibu, Mchungaji. Yule mwingine bado?"

Mama Feza alikuwa ameegemezwa kwa mito, Feza binti yake akimpepea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Una sabuni shavuni."

Nilijifuta. "Mbona hukuniita mimi? Mimi ndiye mchungaji wako."

Alipumzika kidogo kati ya maneno. "Ningekuita ungekataa."

"Unajua kwamba ni kanuni."

"Najua. Ungekataa, mimi ningekufa, kisha wewe ungebaki na kule kukataa. Ungekaa nako mpaka uzeeke. Nilikuonea huruma, baba."

Nimefundisha upendo wa Mungu kwa maneno yake yote, nikiwachorea wanafunzi wa kipaimara mishale ubaoni, kutoka juu kwenda chini. Sikuwahi kufikiri kwamba ungeweza kunijia kutoka benchi la nyuma, kwa mtu niliyekuwa nikimtoa nje, na kwamba alikuwa akinilinda mimi.

Nilifungua sanduku. Mdomo ulizoea, ukauliza lile swali la utaratibu kabla sijauzuia: "Umetubu?"

"Nimetubu mengi, baba. Ramadhani simtubu."

Mlangoni Ramadhani alikohoa, akatoka nje.

Nilimpa. Alifumba macho. Aliutafuna mkate ule mwembamba polepole kana kwamba ni mlo mzima, akanywa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, akakilamba. Nimegawa Meza ile maisha yangu yote ya kazi. Nimeona watu wakila kwa adabu, kwa hofu, kwa mazoea, wakiwahi nyumbani. Sikuwa nimeona mtu akila kwa njaa. Nilimwonea wivu na yeye.

Nehemia akaingia, mavumbi mpaka kwenye kope. Akaona kikombe kitupu mkononi mwangu.

"Kaka mkubwa! Umeniwahi."

"Nimekuwahi," nilisema, na furaha niliyoisikia haikuwa takatifu hata kidogo.

"Msigombane," Mama Feza alisema. "Nehemia, niimbie." Akamwimbia, naye akatabasamu tabasamu ambalo mimi sikupewa.

Alifariki wiki ile. Kengele ilipigwa na majoho yakavaliwa, heshima ambayo wasiokula hunyimwa mazikoni, kwa idhini yangu. Kwa ombi lake aliyehubiri ni Nehemia. Mimi nilisoma somo.

Mkuu wa Jimbo aliniita. "Umevunja kanuni uliyoiandikia tasnifu. Kwa andiko gani?"

Nikamwambia nimeirudia Luka, ile karamu ya mwisho. Bwana amekwisha kugawa mkate na kikombe, ndipo anasema mkono wa msaliti wake uko pamoja naye mezani. Petro naye yupo, na kukana kwake kumeshajulikana. Hakuna aliyeambiwa atoke nje kwanza. Nilikuwa nimeyasoma hayo kila Alhamisi Kuu huku nikihesabu visogo vinavyotoka mlangoni.

"Uliligundua hilo kabla ya kumpa, au baada?"

"Baada, Baba Mkuu. Kabla, niliongozwa na wivu."

Alicheka, ila aliniandikia onyo. "Kanuni inabaki."

"Basi mimi sitamtoa mtu tena."

"Basi usitazamie kuhamia mjini."

Mbalamwezi iliyofuata niliwaambia benchi la nyuma wakae. Walikaa wakitazamana kama watu walioshushwa kituo wasichokijua. Aliyetoka ni Mzee Bukuru, kwa hasira, naye alikaa nje misimu miwili ya dagaa kabla ya kurudi. Sikumtenga. Kila Meza nilimpelekea salamu.

Sasa nimestaafu kwa hiari, kabla meno hayajanistaafu, na vijana wananiita mzee nami sibishi. Wananiuliza kama nilipoteza imani. Nilipoteza mlango tu. Niliamini utakatifu ni kitu kinachochafuliwa na wanaokikaribia, kwa hiyo kinahitaji mlinzi mwenye shahada. Siku hizi naamini ndicho kinachosafisha, na hakikuniomba ulinzi. Kuhusu wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili, wa asubuhi waliolalamika kulipwa sawa na wa jioni, nilihubiri mfano ule miaka yote kama msemaji wa mwenye shamba. Kumbe nilikuwa katika kundi linalonung'unika, nikiwa wa mbele kabisa.

Wivu haujaisha. Ningesema umeisha, Nehemia angekuwa wa kwanza kucheka. Ninaishi Mwanga, jirani na soko, na mchungaji wangu ni yeye. Jumapili ya Meza napanga foleni kati ya fundi cherehani na mama muuza mawese, nanyoosha viganja, naye ananiwekea mkate. Mikate ile hukatwa kwa mashine, yote sawa. Hata hivyo, kabla sijautia mdomoni, huwa natupia jicho ule wa fundi cherehani, na kila mara naona wake ni mkubwa kidogo.