Watu Wawili, Baiskeli Moja

Saa moja na dakika ishirini asubuhi kipaza sauti kilianza kuita namba za waliojiandikisha kwa mbio za watu wawili, baiskeli moja. Namba yetu ilikuwa kumi na saba. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba ya kuanzia, namba nimeibana kifuani kwa pini nne, moja kila pembe, na sikuwa na baiskeli wala mwenzangu.

Baiskeli sikushangaa kutokuwa nayo. Siku ile ilikuwa Jumapili, na Jumapili ilikuwa siku yake.

Tuliinunua pamoja kabla ya vyama vingi, kwa pesa za kuchuma karafuu. Ilikuwa nyeusi, ya Kichina, gurudumu inchi ishirini na nane, na keria pana ya kutosha gunia au mtu. Mimi na yeye tulipewa jina moja na wazee wetu, kwa hiyo kila mmoja alimwita mwenzake somo. Mmoja akiendesha, mwingine akikaa nyuma. Kwenye kilima wa nyuma alishuka akasukuma. Hatukuwahi kupangiana zamu. Aliyechoka alisema, "Somo, shika wewe," basi.

Ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, yeye alikwenda upande mmoja nami nikaenda mwingine. Waliokuwapo Pemba wanajua tulivyoishi. Watu walisusiana maduka, harusi, hata mazishi. Sisi hatukugombana. Siku moja nilimpita njiani nikiwa na watu wa upande wangu, sikusimama. Kesho yake naye akanipita vivyo hivyo. Msikitini alitoa salamu kwa wote waliokaa, nami nikaitikia pamoja na wote. Kisheria tulikuwa tumesalimiana. Neno somo sikulisikia tena.

Ikabaki baiskeli. Jamaa walishauri iuzwe tugawane, lakini hakuna aliyetaka, wala aliyekuwa na pesa ya kuinunua nusu ya mwenzake. Tukapangiwa siku. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano ikawa yangu. Jumapili, Jumanne na Alhamisi ikawa yake. Ijumaa haikuwa ya mtu. Kila jioni, kabla ya sala ya alasiri, aliyekuwa nayo aliiegemeza kwenye ukuta wa msikiti, karibu na birika la kutawadhia, na baada ya sala mwingine akaichukua.

Ilikwenda hivyo miaka kumi na sita. Nyuma ya siti palikuwa na mfuko wa ngozi wa spana. Akinunua tyubu, aliiacha risiti mfukoni, nami nikaweka nusu ya bei. Nikibadilisha cheni, niliweka risiti, naye akaweka nusu yake. Na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Yeye ni mrefu, siti yake inazidi yangu kwa vidole vinne. Tangu jioni ya kwanza aliyoiacha ukutani, niliikuta siti imeshushwa kwa kimo changu. Kesho yake nami nikaipandisha kwa kimo chake. Sikumbuki jioni hata moja ambayo mmoja wetu alisahau.

Wakubwa wa vyama walipopatana Unguja, mambo yalianza kulegea na huku kwetu. Watu wakarudi kuzikana. Mwaka uliofuata likaja tangazo: tamasha la baiskeli za milimani, kwenye mji mdogo wa kaskazini unaopakana na msitu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kwetu. Wageni watashindana peke yao kwa baiskeli zao za gia. Wenyeji wamewekewa mbio za watu wawili kwa baiskeli moja, ya aina yoyote, wakibadilishana njiani.

Nililisoma tangazo mara mbili. Nilijua ninachokitaka, na hakikuwa zawadi. Nilitaka mtu yule akae nyuma yangu kwenye keria, na tufikapo kilimani aniambie, "Somo, shika wewe," au nimwambie mimi.

Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea, na nimezoea kupima kabla ya kutenda. Jumatatu na Jumatano nilikwenda msituni na baiskeli. Nilifunga kitambaa kwenye spoki moja nikahesabu mizunguko ya gurudumu: elfu moja na mia tisa, yaani kilomita nne na kidogo. Nikaandika wapi pana mizizi, wapi pana tope jekundu, wapi mrefu aendeshe na wapi mfupi. Jumatano ile ile nikatuandikisha wote wawili nikalipa ada. Kanuni ya nne ilisema ada hairudishwi.

Likabaki la kumwambia. Nyumba yake iko hatua mia mbili na arobaini kutoka kwangu. Nilifikiri, nikienda na nisikaribishwe, nitarudi hatua zile zile huku majirani wakinitazama. Basi Jumamosi nilichukua karatasi nikaandika: "Kesho saa moja na nusu asubuhi, tamasha la baiskeli. Watu wawili, baiskeli moja. Nimetuandikisha. Ada ya wawili elfu tatu, nimelipa." Nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa spana, nikapandisha siti vidole vinne, nikaiacha baiskeli ukutani. Baada ya sala haikuwapo. Niliona jambo limekwisha. Alfajiri nikapanda gari ya kwanza ili nikamngojee huko.

Mji ulikuwa umejaa. Waliokuja kutoka Wawi na Micheweni walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, na pembeni yao karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Mwenye karafuu alikuwa akiwafukuza wapiga picha wasizikanyage. Baiskeli za wageni zilikuwa na springi mbele na nyuma na tairi zenye meno. Mzee mmoja alibonyeza springi, ikadidimia ikarudi, akasema kitanda chake kinafanya hivyo hivyo na hakijamfikisha popote. Watu wakacheka, na mgeni mwenye baiskeli akacheka nao bila kujua kitu.

Msichana mwenye daftari, Muunguja kwa matamshi, aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia yuaja.

"Na baiskeli, mzee?"

"Yuaja nayo."

Kijana wa namba kumi na nane akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mie nimekuja kuendesha namba. Nilikuwa natazama barabara ya kusini. Kila baiskeli nyeusi iliyotokea kwenye kona niliitazama siti kwanza, kwa sababu siti yake naijua kwa mbali.

Saa moja na nusu wakaanza. Msichana alinipa dakika tano, halafu tano nyingine, kisha akachora mstari kwenye daftari, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Niliwaona wawili wa kwanza wakitoka msituni na tope mpaka nyusi, mmoja anaendesha na mwingine anakimbia kando yake ameshika keria, wanagombana na kucheka. Nilibaki mpaka adhuhuri. Sikuwa na la kungojea, lakini sikuondoka.

Alasiri niliikuta baiskeli ukutani mwa msikiti. Siti ilikuwa juu. Hakuishusha. Niliichukulia kuwa ndiyo jibu lake, nikaikokota mpaka nyumbani.

Jumatatu nikairudisha ukutani, siti nimeipandisha. Jumanne ikalala pale pale. Alhamisi vile vile. Ijumaa, baada ya sala, nilikwenda kwake kwa miguu, hatua mia mbili na arobaini. Mkewe alikuwa barazani akichambua mchele. Alinikaribisha kama niliyekuwapo juzi.

"Shemeji, kasafiri Jumanne," alisema. "Maskati, kwa dada yake. Tiketi ilikuwa ishakatwa tangu mwezi uliopita. Kurudi kwake mie sikujui."

Nilimuuliza kama mumewe aliiona karatasi. Aliiona, akasema. Jumapili alikaa pale barazani tangu alipotoka kusali alfajiri, mguu wa suruali kaufunga kwa kamba usishikwe na cheni, baiskeli kaiegemeza mlangoni. Mkewe alimwambia saa zinakwenda, ende.

"Akanambia, 'Karatasi waandikiwa watu wa serikali. Mlango wangu yuaujua. Somo atanipitia.' Kakaa mpaka adhuhuri. Hata kuipanda hakuipanda."

Nilitazama chini. Siti ilikuwa juu kwa sababu niliipandisha mimi, naye akairudisha vile vile nilivyomwachia.

"Na mfuko hukuufungua?" akauliza.

Sikuwa nimeufungua. Nilirudi msikitini, baiskeli ilikuwa ukutani. Karatasi yangu ilikuwamo mfukoni, imekunjwa nilivyoikunja, na ndani yake noti mbili, ya elfu moja na ya mia tano.

Hajarudi. Siku zote sasa ni zangu, na bado kila alasiri naiegemeza ukutani na kuipandisha siti vidole vinne kabla ya kuingia kusali. Ada ya tamasha haikurudishwa. Na kwa kuwa nusu yake alilipa, hasara yangu mimi ni shilingi elfu moja na mia tano.