Nyaya Kumi na Sita Zilizomponza Shangazi

Picha ya goti la mgonjwa ilitoka na madoadoa meupe, utadhani limemwagiwa chumvi. Goti lilelile likapigwa tena, madoa yakahama.

Jamani, doa la kweli halihami. Kosa lilikuwa kwenye kadi zetu.

Mimi nilikuwa mpimaji kwenye kiwanda cha kadi za umeme, zile za ndani ya mashine za hospitali. Kadi mbili huunganishwa na utepe wa nyaya kumi na sita, zimelala ubavu kwa ubavu, zote zinapeleka data kwa pigo moja la saa ya mashine. Wa kuzichomelea alikuwa shangazi yangu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniingiza pale.

Nikapima waya wa kwanza. Mzima. Wa pili, mzima. Mpaka wa kumi na sita.

Meneja akasoma ripoti yangu. "Kama nyaya ni nzima, basi ni yule mama. Mikono imezeeka."

"Bosi, ingekuwa yeye ningeona."

"Ijumaa anaondoka. Na usiniletee undugu kazini."

Nilimeza hasira. Mtu amechomelea miaka ishirini na mbili, unamtupa kwa kubahatisha?

Nikarudi mezani nimefura. Kwa hasira tu, nikawasha nyaya zote kwa mpigo.

Zikaanza kuyumba. Kila waya ukibadilika, jirani zake wanauvuta, mara unawahi, mara unachelewa. Kadi ya upande wa pili inasoma kabla data haijatulia, inaokota takataka.

Kumbe nilikuwa nazipima moja moja, jirani zimezimwa. Nani anagombana akiwa peke yake nyumbani?

Nikauchelewesha waya wa pili nusu pigo, na wa nne, na wa sita, hivyohivyo hadi mwisho. Huyu akibadilika, jirani ametulia. Kadi ya pili nikaipanga izisubiri. Goti likatoka safi kabisa.

Nikamtupia meneja picha mezani. "Kazi ya yule mama ni safi. Kamwombe radhi."

Akafungua kabati, akatoa karatasi yenye mwandiko wa shangazi, ya miezi minne nyuma.

"Utepe mpya nyaya zimebanana mno. Naomba zipimwe zote pamoja, sio moja moja."

Chini kulikuwa na muhuri wa kupokelewa. Na sahihi yangu.

Nilikumbuka. Niliona mwandiko wake tu, nikagonga muhuri bila kusoma, nikacheka moyoni, mchomeleaji naye amfundishe mpimaji?

"Umeipata lini?" nikauliza.

"Jumatatu." Akatabasamu, mshenzi yule. "Ikitoka hii, anabaki yeye, unaondoka wewe. Ikae kabatini, aondoke yeye?"

Alijua tangu Jumatatu, na bado alikuwa anamfukuza mama wa watu.

Nikamnyang'anya ile karatasi, nikapanda nayo hadi kwa mkurugenzi.

Shangazi alibaki. Mimi nilifukuzwa. Meneja yupo mpaka leo, hata karipio hakupata, na nikimfikiria damu inachemka.

Jioni hiyo, nyumbani, nikapiga magoti kwa shangazi. "Nisamehe, sikuisoma barua yako."

Akaendelea kukunja nguo. "Barua niliandika baadaye, mwanangu. Kwanza nilikwambia hapahapa, mara mbili. Ulikuwa unachezea simu."

Wadogo zangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Meneja nilimchukia kwa kumtupa shangazi kama hajui kitu. Mimi nilianza kabla yake.