Joho la uprofesa, mbuzi wa shukrani na upatu wa kunukuliana

Wakuu, habari za majukumu.

Miaka yote humu jukwaani nimekuwa msomaji wa kimya, nakula nyuzi zenu bila kuchangia. Leo nalipa deni. Haya yametokea kweli, nilichobadilisha ni majina tu, maana mhusika bado ana wanafunzi wanaomwogopa. Watakaosema hii ni chai, waongeze sukari wanywe.

Kwanza mnijue. Shule niliishia kidato cha pili. Sikufukuzwa, niliona tu mwalimu hajibu maswali yangu nikaenda kuuliza kwingine. Tangu hapo nazunguka, na nasoma chochote chenye maandishi, hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Jumapili hiyo niliamka mtaa wa Sakina, kwa rafiki yangu fundi pancha. Nikaona nimeshamkalia vya kutosha. Nikabeba begi nikatoka, sina ninakokwenda.

Hapo nje, kando ya barabara ya Nairobi, kuna gari kubwa jeupe la ofisi limepata pancha. Pembeni yake amesimama mwanaume wa makamo, suti safi, viatu vinang'aa, anaitazama tairi kama anasubiri ijieleze.

Ndani ya gari, siti za nyuma, kuna mbuzi.

Na karibu na mbuzi, kwenye kining'inizo, kuna joho jekundu ndani ya mfuko wa nailoni.

Wakuu, kwa mtu mwenye udadisi kama wangu, hapo ni kama kuonyeshwa nyama ukiwa na njaa. Nikamwita rafiki yangu fundi, nikamsaidia kufunga tairi, yule bwana akaniuliza, "Kijana, unaelekea wapi?"

"Sijui bado."

"Panda. Naenda Akheri kanisani. Kaa nyuma, kazi yako ni moja tu. Huyo mbuzi asiguse hilo joho."

Ndivyo nilivyopata kazi.

Njiani akajitambulisha. Dokta Anaeli, mzaliwa wa Akheri, kwenye miteremko ya Meru, mtaalamu wa bahari. Nikamuuliza mtoto wa mlimani alifikaje baharini. Akasema alipata nafasi ya kusoma huko, basi. Alikuwa ametoka kwenye mkutano Nairobi, akalala Sakina, akanunua mbuzi, na sasa anakwenda kutoa shukrani kanisani kwao kwa kuwa profesa.

"Hongera Profesa!"

"Bado kutangazwa rasmi. Kamati imekaa jana. Lakini namba zangu zinajieleza."

Nikauliza namba gani. Hapo ndipo nilipofungulia bomba.

Kwa wale tusiofika huko: mwanasayansi akifanya utafiti anauandika, unachapishwa, inaitwa paper. Mwenzake akiandika ya kwake, akataja ile ya kwanza, hiyo ni citation, yaani umenukuliwa. Halafu kuna kitu kinaitwa h-index. Ukiwa na paper kumi, na kila moja imenukuliwa angalau mara kumi, h yako ni kumi. Ile ya kumi na moja, hata kama uliiandika ukitokwa na jasho la damu, ikinukuliwa mara mbili tu haikuongezei kitu.

Kila taa ya barabarani ilipokuwa nyekundu alichungulia simu kuona kama namba imepanda. Nimewahi kuishi na vijana wa kubeti, yale macho nayajua. Yule alikuwa anasubiri mkeka.

"Sasa Dokta, hao wanaokunukuu wanakujuaje?"

Akacheka. Akasema ana kundi la WhatsApp na wenzake wa fani hiyo, wametapakaa nchi mbalimbali. Utaratibu ni mmoja: ukiandika paper yoyote, unawanukuu wote wa kundi.

"Yaani upatu," nikasema. "Kama wa kina mama. Leo mimi nakupa, kesho wewe unanipa."

"Tunaita ushirikiano wa kitaaluma."

"Hata kama yako inahusu kamba na ya mwenzako inahusu mawimbi?"

"Kamba wanaishi wapi?"

"Baharini."

"Na mawimbi?"

Mbuzi akajibu kwa niaba yangu: mee.

Nikauliza tena, maana mdomo wangu hauna breki: kati ya zote hizo, ipi watu wameitumia kufanya kitu?

Tulikuwa tumeshapita Tengeru, tunapandisha kwenye migomba. Akasema ipo moja ya zamani, alipokuwa kijana. Alisimama majini misimu kadhaa akipima joto la maji pale ambapo akina mama wa pwani hulima mwani, kwa sababu mwani ulikuwa unaoza na hawajui kwa nini. Aliona maji ya kina kifupi yanachemka mno kwa mwani, akawaonyesha wahamie kwenye kina zaidi. Waliohamia walivuna.

"Hiyo si ndiyo kubwa?"

"Imenukuliwa mara nne," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu mlevi. "Haimo hata kwenye h-index yangu."

Tukafika kwenye geti la kanisa. Watu wanaingia, kwaya inapasha sauti. Simu ikaita, na kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, tuliisikia wote watatu, mimi, yeye na mbuzi.

Alikuwa mwenzake wa kundi, wa chuo kimoja naye.

"Dokta, umesikia? Kamati imetukata. Wamegundua tunanukuliana wenyewe kwa wenyewe. Wamefuta zote hizo."

"Zangu zimebaki ngapi?"

"Kaka, hazifikii. Uprofesa mwaka huu sahau."

"Mimi nipo kanisani na mbuzi!"

"Basi shukuru kwa uzima."

Simu ikakatika. Nje ya dirisha alikuwa amesimama mama yake, mwembamba, kitenge kipya, kilemba kimefungwa kama cha bibi harusi. Ameshaalika ukoo mzima na nusu ya mtaa. Anampungia mwanawe huku anawaambia wenzake, "Huyo, Profesa huyo."

Wakuu, mtu mwenye akili zake angeshuka akamvuta mama pembeni. Dokta alitazama joho, akalitazama tena, akalivaa.

Usharika ule una utaratibu, mtu mwenye shukrani anaitwa mbele na familia yake, anasema anamshukuru Mungu kwa jambo gani, kisha watu wanapita wakiimba na kumpa mkono. Mchungaji akamwita. Akapita mbele na mama yake, joho linafagia sakafu.

"Mwenzetu, waambie washarika Mungu amekutendea nini."

Dokta akakohoa. Kisha akasema, nanukuu, nami namnukuu bila upatu: "I thank God for my global visibility and scholarly impact."

Watoto wakacheka.

Mchungaji hakubabaika. "Anasema anamshukuru Mungu kwa kuwa anaonekana dunia nzima."

Vigelegele vikalipuka. Mimi niliyekuwa benchi la nyuma nilimtazama mama yake. Hakupiga kigelegele. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Baada ya ibada ukaja mnada nje. Wanaojua makanisa ya mlimani wanajua: kuku, mkungu wa ndizi, mayai, kila kilicholetwa kinauzwa, fedha inaingia kanisani. Mnadishaji alikuwa mzee mmoja mchangamfu, Mzee Zefania, mkulima wa kahawa. Alipofika kwa mbuzi akaona ampandishe thamani.

"Huyu ni mbuzi wa Profesa! Profesa, hebu sogea. Hao Wazungu wanaokuona dunia nzima, wanasema umefanya nini huko baharini?"

"Ni mambo ya kitaalamu, Mzee."

"Tutajie moja tu. Tuongeze bei."

Dokta akaanza kurekebisha kola ya joho. Ile ya mwani ilikuwa pale pale mdomoni, mimi nilikuwa naisubiri kama mtu anayesubiri penalti. Hakuisema. Mara nne, nadhani aliona aibu.

"Basi tuuze mbuzi," akasema Mzee Zefania. "Yeye hana utaalamu, anajieleza mwenyewe."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia migomba. Dokta akatabasamu kwa meno ya mbele tu. Kabla hata chakula hakijapakuliwa akadai ana kikao cha dharura mjini. Jumapili, wakuu. Alivua joho, akaliacha juu ya kiti sebuleni kwa mama yake, akaondoka na gari la ofisi. Mimi akanisahau, sikuwa nimenukuliwa popote.

Nikabaki jikoni namsaidia mama kupakua loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando. Wageni walipopungua akaniketisha kwenye kigoda.

"Wewe umekuja naye. Amepata au hajapata?"

Nikatamani kumezwa na moto wa jikoni. Mtu ananilisha, namwambiaje? Lakini aliniangalia moja kwa moja.

"Hajapata, Mama."

"Nilijua pale pale mbele. Anaeli akidanganya huongea Kiingereza. Tangu darasa la tano."

Akakoroga sufuria iliyokuwa tupu.

"Nitawaambiaje watu? Nimewaita mimi. Miaka yote hiyo huko, hakuna hata kitu kimoja alichofanya?"

Hapo nikamsimulia. Maji ya moto, mwani unaooza, akina mama wamesimama baharini hawaelewi, na kijana wa Akheri ameingia majini na kipimajoto chake, msimu baada ya msimu, hadi akawaambia hamisheni shamba.

Alisikiliza bila kupepesa. Aliniuliza mwani unapandwaje, nikamwambia kama alivyonieleza Dokta, unafungwa kwenye kamba ndefu zilizotandazwa majini. Aliniuliza kama walivuna. Nikasema waliohamia walivuna.

"Sasa kwa nini hakulisema hilo?" Sauti ikapanda. "Sisi hapa kahawa ikikauka tunalia! Kila aliyekuwa kanisani angelielewa. Mimi ningepiga kigelegele mpaka kisikike kule mbali Olmotonyi!"

Kisha akafuta macho kwa ncha ya kile kitenge, akasimama, akaniuliza nalala wapi. Nikasema sijui bado. Akanifungulia chumba alichomtandikia mwanawe. Kitanda cha mbao, shuka mpya zenye mikunjo ya dukani. Jioni baridi ya Meru ilikuwa imeanza kushuka, akaniletea blanketi, akaligusa, akaona jepesi. Akarudi sebuleni akaja na joho.

"Jifunike na hili. Bado halina mwenyewe."

Nilichojifunza: ukikusanya watu wa kukusifu kwa zamu, utafika siku unaulizwa umefanya nini, na jibu la kweli utaliona dogo kwa sababu halikuwahi kupandisha namba kwenye simu yako.

Nimeandika haya nikiwa bado Akheri, joho liko nyuma ya mlango. Mama alishamwambia Mzee Zefania habari ya mwani, na Mzee anasema Dokta akirudi wataanza shukrani upya. Dokta bado hajapokea simu ya mama yake.

Wasomi mliomo humu, msinitukane bure, nielezeni: ni nani aliyewaambia mara nne ni kidogo? Na mwenye picha ya shamba la mwani aiweke hapa chini, kuna mama anataka kuiona.