Mama na Mkia wa Mkokoteni

Miaka ya sabini nilikuwa kidato cha tatu, na nikitoka shule, safari yangu ndefu zaidi ilikuwa kutoka kitandani hadi jikoni. Kwa hiyo siku tulipohama Kibera kwenda Kawangware, nilitembea nikishangaa kila kitu kama mtalii.

Mama alijali kitu kimoja tu: kabati lake la vioo, lenye vikombe sita vya maua ambavyo hatukuwahi kuvinywea. Vilikuwa vya mgeni fulani ambaye hajafika mpaka leo. Lilifungwa kamba juu ya mkokoteni, na tulipofika kilima cha kuingia Kabiro, mtaa wetu mpya huko Kawangware, mvutaji wake akaishiwa nguvu. Akainua mipini ya mbele, na mkia wa nyuma, aliokuwa ameupigilia kipande cha tairi kuwa breki, ukashuka hadi chini. Mkokoteni ukatulia tuli.

"Naenda kutafuta mtu wa kusukuma," akasema. "Wewe msomi, usiguse kitu."

Wiki nzima mwalimu wa fizikia alikuwa akichora kisanduku kwenye mteremko, nami nikinakili bila kuamini. Sasa kisanduku ni kabati letu!

"Mama, unajua kwa nini hauteremki?"

"Mungu anaviona vikombe vyangu."

Nikaokota kijiti, nikachora mishale mavumbini. "Huu ni uzito, unavuta chini. Huu ni wa ardhi, inausukuma uzito juu. Na huu wa kupanda mlima ni msuguano wa tairi. Nguvu hizi zikitoshana, kitu hakisogei."

"Na mkokoteni umesomea wapi hayo?"

"Hauhitaji kusoma, Mama."

"Sasa mimi karo nalipia nini?"

Nilifurahi mno hata nikaegemea mipini kwa kiwiko, kama mwalimu anavyoegemea meza. Mipini ikashuka. Mkia ukainuka, tairi likaachana na ardhi, magurudumu yakaanza kurudi nyuma. Vikombe vikalia ndani ya kabati. Nami, badala ya kuachilia, nikaning'inia kwa nguvu zaidi.

"Inua, wewe baba! Inua mipini!" Mama akanipigia kelele.

Mimi nilikuwa nahesabu mishale. Mmoja haukuwepo.

Mama akakusanya leso yake, akauketia mkia kwa uzito wote ambao majirani wa Kibera waliuheshimu. Mipini ikanitoka mikononi. Tairi likauma ardhi, mkokoteni ukasimama.

"Mama, umeongeza msuguano!" Nilisema kwa furaha, naapa.

"Ngoja nishuke, nikuongezee na wewe."

Mvutaji aliporudi na mwenzake, alimkuta Mama bado ameketi, mikono kifuani.

"Mama, kuna nini tena?"

"Mimi ndiyo breki. Yako ilikuwa inafundishwa na huyu, ikaachia."

Mama akachungulia kioo cha kabati: vikombe vyote sita vizima. Hata hivyo alikataa kuondoka mkiani mpaka nivuke ng'ambo ya barabara, mikono ikionekana. Nilikipanda kilima chote nikiwa nimebeba mto wa kulalia, kitu pekee nyumbani kwetu ambacho hata kingeteremka kisingevunjika.