Mafua ya Padri wa Lavapiés

Uso wa Eulogio Barrientos ulijulikana Hispania nzima. Sauti yake ilijulikana ghorofa ya pili tu ya nyumba yao pale Lavapiés, mtaa wa Madrid, na hata huko, waliokuwa wanaijua hawakuitamani.

Uso ule hakuutafuta. Alipewa bure na njaa. Kabla ya vita alikuwa kijana wa kawaida, mtoto wa muuza makaa, mashavu yamejaa, kazi yake kushika mkuki nyuma ya jukwaa katika michezo ya wafalme. Wafalme wakifa, yeye ndiye wa kuwabeba. Vita vikaja, vikaisha, na miaka iliyofuata watu wa Madrid wakala maganda ya viazi na kuyasifu. Mashavu ya Eulogio yakaingia ndani, macho yakatoka nje, shingo ikarefuka kama ya bata. Siku moja bwana mmoja wa sinema akamwona kwenye foleni ya mkate, akamshika kidevu kama anayechagua mbuzi mnadani, akasema, "Huyu ni mtakatifu kabisa."

Mtakatifu alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake.

Basi akavalishwa kanzu ya kipadri, na toka hapo hawakumvua. Nchi wakati ule ilipenda sinema zenye padri, na isiyo na padri iliongezewa mmoja kwa usalama. Eulogio akawa padri wa kijiji, padri wa jeshi, padri wa meli, padri wa gereza. Aliwahi kupandishwa cheo akawa askofu, lakini filamu ile haikuvuta watu, akarudishwa upadri. Nyota wa kiume na nyota wa kike, hakuna aliyempenda mwenzake bila kupita mikononi mwake: yeye kuwafungisha ndoa, yeye kuwabatizia watoto, yeye kuwazika. Majina yao yalipakwa ukutani makubwa kama milango. La kwake lilikuja mwisho kabisa, baada ya mtu wa farasi.

Shida ilikuwa ile sauti. Mungu, ambaye hakosei, alichukua uso wa mtakatifu akautilia koo la mbuzi aliyekanyagwa. Na siku zile sinema ilipigwa picha kwanza, katikati ya nyundo za mafundi na matusi ya waliobeba taa. Sauti ikatiwa baadaye, ndani ya chumba cha giza. Mara ya kwanza Eulogio alipoitwa kwenye chumba hicho akasema, "Pumzika kwa amani, mwanangu," fundi wa mitambo alicheka mpaka akamwaga kahawa yake juu ya mashine. Ikabidi aitwe mtu mwingine wa kumtilia sauti, don Leandro Quirós. Don Leandro alikuwa mfupi, ana upara, kichwa kama kitunguu, lakini akifungua kinywa unasikia kinanda cha kanisa kuu. Basi Mungu akasahihishwa: uso wa huyu, sauti ya yule.

Hapo ndipo mtaa ulipopotea njia. Jumapili watu walimsikia Eulogio kwenye sinema akinguruma kama radi ya mbinguni. Jumatatu walimsikia kwa Saturnina, muuza utumbo, akiagiza utumbo kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Watu wa Lavapiés si wajinga. Walifikiri, wakapata jibu.

"Masikini Padri," Saturnina akamwambia, akiubusu mkono wake juu ya meza yenye utumbo. "Mafua hayajakuachia tu?"

"Si mafua, Saturnina. Na mimi si padri."

"Ona anavyojitesa! Nyamaza, Padri, nyamaza, usilichane koo. Ngoja nikupe asali."

Mafua hayo yalidumu zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyeyashangaa. Kila mwanamke wa mtaa alikuwa na asali yake na dawa yake. Hata padri wa kweli wa mtaa, Padri Hilario, mtu mnene mwenye pua nyekundu, alimvizia siku moja kwenye kona.

"Bwana Barrientos, nakuomba sana usiwe unakunywa mvinyo pale baa mchana. Unatuvunjia heshima."

"Lakini Padri, jana wewe mwenyewe ulikuwa pembeni yangu."

"Mimi hawanitazami."

Eulogio akaona heri anyamaze. Akawa akipita mtaani anainamisha kichwa, anaweka kidole mdomoni, watu wanasema, tazama unyenyekevu. Mkewe Visitación, ambaye alipiga pasi nguo za watu na kuwapiga pasi na wenyewe kwa ulimi, alishukuru.

"Wanawake wenzangu wanaomba waume matajiri," alisema. "Mimi nimepewa mume bubu. Sasa nani amependwa zaidi?"

"Visi, nina jambo la kusema."

"Kaliseme kwenye sinema, Baba Mtakatifu. Kule sauti yako ni nzuri."

Sasa yupo mtu mmoja ambaye hakudanganyika, naye ni Casilda, dada yake Eulogio, aliyekaa nao nyumba moja. Casilda alizibwa masikio na homa akiwa mtoto mdogo. Hakuwahi kusikia sauti ya kaka yake, bahati ambayo wifi yake alimwonea wivu waziwazi. Pale nyumbani walizungumza naye kwa vidole, na kwingine kote alisoma midomo ya watu kama wengine wanavyosoma gazeti. Tofauti ni kwamba midomo ilikuwa haijapitia kwa wakaguzi wa serikali.

Waongozaji wa filamu walikuwa wanamwambia Eulogio, "Wewe chezesha mdomo tu. Sema lolote, ila kwa heshima." Mwanzo alihesabu namba. Lakini picha zake zilipigwa karibu na saa ya kula, tena akiwa na njaa, na mwenye njaa hahesabu namba muda mrefu. Akaanza kusema mapishi ya mchuzi wa dengu. Akamzika jenerali kwa mchuzi wa dengu. Akawafungisha ndoa watoto wa watawala kwa soseji ya damu na mfupa wenye uboho, mikono ameinua, machozi yanamlengalenga, na don Leandro baadaye akamwaga juu yake maneno ya Mungu.

Jumapili ile ya filamu ya jenerali, sinema nzima ilikuwa inalia, hata waliokuwa wanatafuna mbegu za alizeti walisimamisha taya. Casilda akaangua kicheko. Alicheka akapiga mapaja, mpaka mlinzi akamtoa nje akidhani ni mgonjwa wa akili.

"Wifi, umetuaibisha!" Visi alimwambia nyumbani, midomo na vidole kwa pamoja. "Mtu anazikwa, wewe unacheka?"

Casilda akajibu kwa vidole: anamzika na dengu. Anasema zilale kwenye maji na chumvi.

"Nani anasema?"

Casilda akamnyooshea kidole kaka yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akaongeza: na kwenye ile ya harusi, alisema kabichi yako ina maji mengi.

Pasi ikatua mezani. "Eulogio! Umenisema kabichi yangu mbele ya Hispania nzima?"

"Hakuna aliyesikia, Visi."

"Wifi amesikia!"

"Wifi yako ni kiziwi."

"Ndiyo, na ndiye peke yake aliyesikia! Wiki hii utakula kabichi tu, bila dengu, na uibariki."

Aliila. Lakini tangu siku hiyo kila Jumapili Casilda alikaa mstari wa mbele, kitambaa mdomoni, na Eulogio kila akivaa kanzu alijua yuko mtu wa kumpelekea maneno. Akawa anampasha habari za ghorofa: nani amegombana na nani, paka wa nani ameiba samaki. Yote hayo kwa uso wa mateso ya Bwana.

Ila mtu hushiba vyote, hata utani wake mwenyewe. Uzee ulipomkaribia, usingizi ukawa unamkimbia. "Visi," alisema, "nikifa watasema sauti yake ilikuwa nzuri. Sauti ya nani? Nataka mara moja tu wanisikie mimi. Hata wakicheka."

"Watacheka," Visi akasema, lakini hakuendelea, na kwa Visi huo ulikuwa wema mkubwa.

Ndipo alipokuja don Fermín Arregui, mwongozaji. Don Fermín alikuwa amekaa Roma wiki mbili na amerudi na skafu na fikra mpya.

"Kule wanaokota mtu barabarani, Eulogio, na meno yake mabovu, na sauti yake hiyohiyo. Ukweli! Mimi nataka padri wa mlimani, mzee, koo limepasuka kwa baridi. Anakufa, anawaambia wanakijiji maneno ya mwisho. Nataka sauti yako."

"Sauti yangu ipi, don Fermín?"

"Kwani unayo nyingine?"

Eulogio akarudi nyumbani akikimbia kama mvulana. Asali zote za mtaa zilizokuwa zimejaa kabatini akazila. Mayai mabichi akayameza. Asubuhi na jioni majirani walisikia ukutani mbuzi akifa kwa utukufu, wakafunga madirisha, wakamwombea. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: "Miaka yote hii nimewasikiliza mkininong'oneza dhambi zenu, na sikuchoka. Leo nisikilizeni mimi. Mara moja tu, kisha nitanyamaza."

Siku ya picha, hakusema dengu. Alisema maneno yale, yote, mpaka wenye taa wakaacha kutukana. Na alipoitwa kwenye chumba cha giza akayasema tena, fundi yuleyule wa mitambo, sasa mvi zimemjaa, hakumwaga kahawa. Alipenga kamasi, akasema mashine ina vumbi.

Kazi imekwisha, basi. Eulogio akautangazia mtaa: Jumapili mje mnisikie. Saturnina akafunga biashara, akavaa viatu vya harusi. Padri Hilario akaja kwa upelelezi. Safu nne zikajaa watu wa Lavapiés, na Eulogio katikati, tai imemkaba, mkono mmoja kwa Visi na mmoja kwa Casilda.

Padri wa mlimani akalala kitandani. Wanakijiji wakapiga magoti. Akafungua kinywa, na kinanda cha kanisa kuu kikalia.

Don Leandro. Kila neno, mviringo, laini, limepakwa siagi. Kumbe filamu ilipita kwa wakaguzi, na miongoni mwao walikuwemo waheshimiwa waliosema kwamba padri anayelia kama mbuzi ni dharau kwa Kanisa, na ukweli wa Roma ubaki Roma. Don Fermín, mtetezi wa ukweli, aliwapinga kwa nguvu zote kwa muda wa sigara moja. Kisha akapata safari, na kumwambia Eulogio akasahau.

Eulogio hakusogea. Sinema nzima ilikuwa kilio. Saturnina, machozi yakimtiririka, akageuka kwenye kiti chake akamshika magoti.

"Umepona, Padri! Mafua yameisha! Asali yangu hiyo!"

"Asali yako?" akadakia mwanamke wa nyuma. "Na mimi je, dawa yangu ya vitunguu?"

Visi alifungua mdomo awajibu, akaona uso wa mumewe, akaufunga. Eulogio akageuka upande wa pili, kwa Casilda, akitegemea walau yeye anacheka. Casilda hakucheka. Kitambaa kilikuwa machoni. Akakiweka chini apate kutumia vidole, akamwambia polepole, gizani, kwa mwanga wa ule uso wake mkubwa ulioko ukutani: leo hukusema dengu. Leo umesema, nami nimekusikia. Kila neno.

Walipotoka nje, mtaa wote ulikuwa umemzunguka mlangoni.

"Tusemee tena, Padri! Yale ya mwisho! Maadamu umepona!"

Visi alimvuta mkono waende zao. Hakwenda. Alivua kofia, akalegeza tai, akasema, kwa sauti aliyopewa: "Miaka yote hii nimewasikiliza..." Akayasema mpaka mwisho. Lilikuwa koo lilelile la mbuzi, limekwaruza, limepanda pale lilipotakiwa kushuka. Hakuna aliyecheka. Walisimama kimya, vichwa chini, mbegu za alizeti mikononi, mpaka lile "kisha nitanyamaza", naye akanyamaza.

Saturnina ndiye wa kwanza kupumua.

"Jamani, masikini," akanong'ona. "Upepo wa mlangoni umemrudishia."

"Haumrudishii kitu!" Visi akalipuka, na mtaa ukaruka nyuma. "Hana mafua! Hajawahi kuwa na mafua! Hiyo ndiyo sauti yake, nimelala nayo tangu kabla ya vita, ile nyingine ni ya mtu mfupi mwenye upara! Hii ndiyo ya mume wangu, mmesikia?"

Walisikia. Walitazamana. Saturnina alifikiri sana, akambusu Eulogio mkono, safari hii bila kumwita padri.

"Tangu kabla ya vita," akasema. "Basi, don Eulogio, asali kidogo haitoshi. Kesho nakuletea mtungi."

Njiani Eulogio alitembea katikati ya wanawake wake wawili, hana kofia, ameisahau mlangoni. Casilda akamgusa bega, akamsimamisha chini ya taa ili vidole vyake vionekane. Alimwambia yale maneno yalikuwa mazuri, hajapata kuona mengine kama hayo. Ila filamu ijayo, kama si taabu, arudi kwenye dengu. Pale kwenye harusi alikuwa hajamalizia, na yeye mpaka leo hajui mfupa wenye uboho unatolewa lini chunguni.

"Unatolewa mwisho," Visi akajibu kwa vidole, kabla mumewe hajafungua kinywa. "Na kabichi huchemshwa peke yake."