Ekzosi Yenye Mlango

Pale stendi ya Karatu kuna mama anayekaanga karanga kwenye mchanga. Anaupasha moto kwenye karai, anamimina karanga, anakoroga taratibu. Kila nikipita nasimama, hata kama nimetoka kula sasa hivi. Watu wanadhani napenda karanga. Kumbe mimi nanusa mchanga. Mchanga uliopata moto una harufu yake, kavu, ya chuma kwa mbali, na ikinifikia tu narudi utotoni, nimechuchumaa uani kwetu, nachekecha mchanga wa korongoni kwa ajili ya Baba Mdogo Tluway.

Baba Mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea, mdogo wake baba yangu, mtu wa majigambo hasa. Baba alikuwa dereva. Alikuwa na landrova kuukuu ya petroli ambayo karibu kila kitu chake kilikuwa kimebadilishwa: springi zimenyanyuliwa, matairi yameongezwa ukubwa, bodi imekatwa na kuungwa upya ili ibebe watu na magunia. Kila wiki, siku ya mnada, ilitoka Karatu, ikapanda hadi ukingo wa kreta, ikashuka upande wa pili mpaka mnadani kwenye tambarare ya Olbalbal ikiwa na unga na sukari, na jioni ikarudi na abiria. Shule zikifungwa, na mimi nilikuwemo, nimebanwa katikati ya magunia, nafurahi kupita kiasi.

Shida ilikuwa kupanda. Aliyekuwa na gari kabla ya Baba alilifungia bomba la moshi la lori, pana, fupi, bila sailensa, akiamini bomba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Kelele, jamani! Olbalbal nzima ilijua tumefika. Lakini tukirudi, tukianza mlima, gari lilinguruma weee, halafu likagoma. Baba alitoa kichwa dirishani, "Shukeni!" na watu wakashuka, kina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wakapanda kwa miguu ndani ya vumbi letu.

"Kelele siyo nguvu, kaka," Baba Mdogo alimwambia Baba siku moja, amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Moshi unatakiwa utoke mbio, ndipo unavuta na ule ulio nyuma yake. Humu unatembea kama mtu aliyeshiba. Unabaki njiani, na injini ikiwa inazunguka polepole mlimani inakosa pumzi."

Mimi aliniambia nishike mpira wa kumwagilia bustani ya Mama na niubane mdomo kidogo kwa kidole. Maji yaliruka mpaka kwenye kunde. "Umeona? Sasa ubane sana." Yakawa matone. "Basi hapo katikati ndipo fundi anapokula ugali wake," akasema, akacheka peke yake.

Alitafuta bomba la upana wa wastani, refu. Kulipinda ndiko kulikohitaji mchanga. Bomba tupu ukilipasha moto na kulipinda, linabonyea kwenye kona na moshi unakwama pale pale. Likijaa mchanga mkavu, kona inatoka laini. Mchanga ukiwa na unyevu, ukipata moto ndani ya bomba lililozibwa unaweza kulipua kila kitu, kwa hiyo niliuanika kwenye bati, nikaugeuza, nikaukaanga, na bado aliuchukua mkononi na kuunusa kama mpishi. Nilijiona fundi msaidizi. Mama alinikuta nimejaa masizi hadi masikioni, akasema nitaolewa na gereji.

Ekzosi mpya ilipofungwa, na sailensa yake, landrova ilinyamaza. Safari ya kwanza tulipanda mlima wa Olbalbal na watu wote ndani. Hakuna aliyeshuka. Bibi mmoja aliyekuwa amezoea kushuka alianza kukusanya shuka zake, na Baba akamwambia, "Kaa tu, mama." Aisee, lile gari lilipanda! Bibi alicheka hadi juu, na abiria wakampigia Baba makofi. Baba Mdogo aliposikia habari hizo alitembea Karatu nzima akizisimulia, mwenyewe hakuwepo.

Basi furaha yetu ikamwangukia mtu mwingine.

Kulikuwa na mama kijana wa Kimasai, Mama Lemayan. Boma lake lilikuwa mbali na barabara, nyuma ya kilima. Mwanawe alizaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, na kila wiki alimpeleka hospitali Karatu kubadilishiwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, ili miguu inyooshwe kidogo kidogo. Simu hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, mtandao wa kule ulishikwa juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa foleni. Saa yake ilikuwa lile bomba la lori. Akisikia mngurumo tukienda mnadani, alimfunga mtoto mgongoni na kutembea, na tukirudi tulimkuta barabarani. Sasa tulipita kimya. Wiki ya kwanza hatukumwona, Baba akadhani mtoto amepona. Wiki iliyofuata hivyo hivyo.

Mara ya tatu tulimkuta amekaa kando ya barabara, juani, hata mnadani hatujafika. Hakusalimia.

"Gari yako siku hizi inapita kama mwizi," alimwambia Baba. "Nimekaa hapa toka jua linatoka. Angalia mtoto."

Vidole vya Lemayan vilikuwa vimevimba, vimejaa kwenye plasta. Alikuwa analia kwa sauti iliyokwisha kuchoka. Baba hakwenda mnadani. Aligeuza gari na mizigo yake yote. Hospitali, muuguzi aliikata ile plasta na kusema miguu imeanza kurudi ilikotoka, na kwamba wakiendelea kuruka wiki, kazi yote itakuwa bure.

Baba alitoka pale moja kwa moja hadi kwa mdogo wake, akamweleza yote. "Irudishe kelele."

"Nini? Niiharibu kazi yangu kwa mkono wangu? Funga honi!"

Honi walifunga, ya lori. Upepo wa Olbalbal uliila. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haikuvuka kilima. Ule mngurumo mzito ndio uliokuwa unafika. Baba Mdogo alinuna siku kadhaa, hataki hata chai ya Mama. Kisha akaja na kipande cha bati nene, bawaba, na waya wa breki ya baiskeli. Alitoboa bomba lake zuri kabla ya sailensa, akalichomelea mlango. Baba akivuta waya, moshi unatoka njia ya mkato na kelele inarudi. Nguvu inapungua, lakini tambarare haihitaji nguvu. Akifika mlimani anaachia, mlango unajifunga, gari linapanda.

Ila mlango haukuziba sawasawa. Hata ukiwa umefungwa ulipumua, puh, puh, puh, na mafundi wenzake wakapata la kusema. "Tluway, ekzosi yako ina kikohozi!" Shuleni walinitania pia, na niliona aibu kubwa. Yeye hakumweleza mtu yeyote kwa nini. Mtu yule wa majigambo! Alisema tu, "Kamuulizeni mwenye gari."

Miaka miwili hivi baadaye alishuka nasi Olbalbal, mara yake ya kwanza. Karibu na kilima Baba alivuta waya. Tukasimama, akazima gari. Kutoka nyuma ya kilima alikuja mtoto mwenye shuka nyekundu, anakimbia, mama yake yuko nyuma anamwita asubiri. Alikimbia kwa nyayo zilizonyooka, bapa kabisa, zikipiga vumbi, hadi akaligusa tairi letu.

Baba Mdogo alisema anaangalia bomba kidogo, akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akalalamika kwamba moshi umemwingia.

Nilimwamini. Jioni nilimweleza Mama hivyo hivyo. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, baada ya kumzika Baba Mdogo, na ninamshukuru mpaka leo kwa mengi, lakini kwa siku ile zaidi. Bomba lililotoka safari ndefu namna ile ni la moto, hakuna fundi anayelikagua. Na moshi ungetoka wapi, wakati gari lilikuwa limezimwa?