Shingo ya Baiskeli na Mafuta ya Ufuta

Habari kwamba mama mkwe yu taabani huko Likunja zilitukuta Nambambo na baiskeli mbovu. Shingo ya usukani, kile chuma kinachoushikilia usukani kwenye fremu, ilikuwa imepasuka. Mke wangu alikwishafunga mzigo wake. "Tutakwenda kwa miguu," akasema. Nikamwambia kwa miguu atamkuta mama yake kaburini. Tutakwenda kwa baiskeli, na leo hii hii. Mimi nikisema, nimesema.

Fundi wetu alikuwa ameyakimbilia mashamba ya karanga ya Wazungu, kama vijana wengi wa Nachingwea. Basi fundi nikawa mimi. Nilikuwa na shingo nyingine, niliyoitoa kwenye baiskeli iliyokufa zamani. Nikalegeza bolti ya juu, nikaigonga kwa nyundo mpaka kabari ya ndani ikaachia, nikaichomoa ile iliyopasuka. Ya pili ikagoma kuingia kwa kutu. Kwetu kila kinachokwama dawa yake mafuta ya ufuta: bawaba, pete kidoleni, hata mtoto mwenye kifua. Nikayamimina bila choyo. Ikateleza ndani, nikakaza bolti, nikajisifu.

Mke wangu akalibana gurudumu la mbele kwa magoti, akauzungusha usukani. Usukani ukageuka, shingo ikateleza ndani kwa mafuta, gurudumu likabaki pale pale.

"Bwana we," akasema, "umeitengeneza au umeikaanga?"

Nilitaka kufoka. Lakini nilipomtazama, machozi yalikuwa yakimtoka, hasira yote ikageuka aibu. Nikaing'oa upya. Nikaisugua kwa majivu na kitambaa mpaka mafuta yakaisha, nikaikwangua kutu, nikairudisha kavu, nikiizungusha kidogo kidogo mpaka viganja vikachunika, kisha nikakaza bolti. Safari hii usukani na gurudumu viligeuka pamoja. Mke wangu akapanda nyuma.

Tulifika Likunja jua bado lipo. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Tangu nioe, yule mama akiniona njiani alikuwa akikatia porini kunikwepa. Kwa hiyo nilibaki uani. Nikamsikia, kwa sauti ndogo, akimuuliza binti yake amefikaje upesi hivyo. Akaelezwa.

"Mwambie aingie," akasema. "Nataka nimwone aliyeniletea mwanangu."

Nikaingia nimeinamisha kichwa. Akaniambia niinue.